Je, Kijiti Chaweza Kuona Maji?

Soma kwanza: 1 Mose 26:15–22, 4 Mose 21:16–18, Hosea 4:12, 1 Tesalonike 5:21.



Maji ni uhai. Neno hili halihitaji mhubiri. Kila mama ajitwikaye ndoo alfajiri analijua kuliko sisi. Kwa hiyo usharika ukutanapo kushauriana habari ya kuchimba kisima, shauri hilo si dogo. Fedha hukusanywa kidogo kidogo. Mmoja hutoa kuku, mwingine debe la mahindi, na mjane hutoa sehemu ya chakula chake. Kisha huja swali: Tuchimbe wapi? Na hapo pengine huinuka mtu na kusema, "Yuko mzee ajuaye kutafuta maji kwa kijiti. Tumwite atuonyeshe." Wengine hufurahi. Wengine huogopa na kusema, "Je, huu si uganga?" Ndipo pande zote mbili humtazama mwinjilisti, atoe neno.

Somo hili limeandikwa ili kumsaidia huyo mwinjilisti. Kwanza tutaangalia desturi yenyewe na mahali ilipotoka. Kisha tutauliza kama ni kweli kijiti huona maji. Tena tutauliza Neno la Mungu lasema nini. Na mwisho tutatafuta jinsi ya kutenda.

1. Desturi yenyewe na asili yake

Mtafuta maji hukata kijiti chenye panda. Hushika ncha mbili za panda kwa mikono miwili, ngumi zikielekea juu, na shina likielekea mbele yake. Halafu hutembea polepole shambani. Afikapo mahali fulani kijiti huinama ghafula, kana kwamba kimevutwa na mtu asiyeonekana, naye husema, "Maji yapo hapa." Wengine hutumia nyaya mbili zilizokunjwa, wengine hutundika pete au jiwe dogo kwa uzi na kuangalia jinsi liyumbavyo. Vyombo ni mbalimbali, lakini neno ni moja: chombo chajua kitu ambacho mtu mwenyewe hakijui.

Desturi hii twaisoma waziwazi katika maandiko ya Ujerumani ya miaka ya 1500. Wakati ule haikuwa kazi ya kutafuta maji hasa, bali ya kutafuta madini. Wachimbaji wa fedha na shaba katika milima ya Saksonia na Bohemia walitembea na vijiti vyao wakitafuta mishipa ya madini. Tena walikuwa na sheria zao: kijiti cha mti uitwao Hasel kwa fedha, kijiti cha mti mwingine kwa shaba, na wengine walishika kijiti cha chuma kwa kutafuta dhahabu. Baadaye desturi ilitoka migodini ikaingia mashambani, ikaenea katika nchi nyingi za Ulaya, nayo kazi yake kubwa ikawa kutafuta maji. Kisha ikavuka bahari pamoja na walowezi. Mwaka wa 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma mtafuta maji mmoja, bwana von Uslar, aende na kijiti chake katika nchi kavu iliyoitwa wakati ule Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani, ndiyo Namibia ya leo.

Nayataja haya kwa sababu wako watu wasemao hivi: "Ramli ya mababu zetu ni dhambi, lakini kijiti hiki ni elimu, maana Wazungu wakitumia." Ndugu, jambo halitakaswi kwa kuvuka bahari. Wala halichafuki kwa kuwa limezaliwa kwetu. Kila jambo lipimwe kwa kweli na kwa Neno la Mungu, liwe limetoka Ulaya au limetoka nyuma ya nyumba yetu.

2. Mashahidi wawili wa zamani

Wa kwanza ni Martin Luther mwenyewe. Baba yake alifanya kazi ya migodi ya shaba, kwa hiyo mambo ya wachimbaji hayakuwa mageni nyumbani kwao. Katika mahubiri yake juu ya Amri Kumi, aliyowahubiri watu wa Wittenberg, nayo yakachapishwa mwaka wa 1518, alikihesabu kijiti cha kutafutia madini miongoni mwa mambo yavunjayo amri ya kwanza. Maana mtu akiuliza shauri kwa kipande cha mti, akakitumainia, amempa mti heshima impasayo Mungu.

Wa pili ni Georg Bauer, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kilatini, Agricola. Huyu alikuwa mganga wa hospitali katika mji wa migodi wa Joachimsthal, ulioko leo katika nchi ya Cheki. Katika mambo ya kanisa hakumfuata Luther, alikaa katika Kanisa la Kiroma. Alitazama kazi za wachimbaji kwa miaka mingi, akaandika kitabu kikubwa juu ya migodi na madini, kilichotoka mwaka wa 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Humo aeleza habari za kijiti bila kuficha kitu: jinsi kinavyoshikwa, jinsi wachimbaji wanavyobishana, hawa wakikisifu na hawa wakikikana. Kisha atoa hukumu yake. Asema kwamba mchimbaji mwema, mcha Mungu na mwenye akili, hakihitaji, kwa kuwa nchi yenyewe ina alama zake. Na atazame chemchemi, na miti, na majani, na mahali baridi ya asubuhi isipoganda juu ya nyasi.

Basi angalieni. Luther alianza katika Amri za Mungu. Agricola alianza mgodini, kwa macho na nyundo. Njia zao zilikuwa mbalimbali, na makanisa yao mbalimbali, lakini wote wawili walifika mahali pamoja: Usitegemee kijiti.

3. Ni nani akiinamishaye kijiti?

Hapa yatupasa kuwa wapole, tusiwahukumu watu upesi. Wengi wanaotembea na kijiti si waongo. Ukimwuliza mzee kama huyo, atakuapia kwamba hakukiinamisha yeye, kwamba alikishika kwa nguvu kisiiname, nacho kikainama hata ngozi ya viganja ikachubuka. Naye asema kweli kama aionavyo. Je, ni nani basi aliyekiinamisha?

Mtaalamu mmoja wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, alilichunguza neno hili. Aliona watu wakitundika kitu kizito kwa uzi na kukishika juu ya zebaki, na kitu kile kikaanza kuyumba. Akajaribu mwenyewe, naye akaona kikiyumba. Alipoweka kioo kati ya uzani na zebaki, kikatulia. Mtu mwingine angesema, "Tazama, zebaki ina nguvu, na kioo kimeizuia." Lakini Chevreul hakukimbilia kusema. Alijifunga macho, akamwambia mtu mwingine aweke kioo na kukiondoa bila kumwambia. Ndipo kioo kikakosa nguvu zote. Uzani haukujua tena lini kioo kipo na lini hakipo, kwa kuwa Chevreul hakujua. Akatambua kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa ukiusukuma uzi, kidogo mno, pasipo yeye kutaka wala kusikia. Habari hiyo aliichapisha mwaka wa 1833.

Hivyo ndivyo kilivyo kijiti cha panda. Kimekunjwa na kukazwa kama mtego uliotegwa. Mgeuko mdogo wa vifundo vya mikono watosha kukifyatua. Wazo likiingia moyoni, "Pengine ni hapa," mkono hulitii wazo hilo kabla mwenye mkono hajatambua. Kijiti hakimwambii mtu habari za chini ya nchi. Chamwambia habari za moyo wake mwenyewe.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watu neno hili darasani bila gharama. Chora mstari juu ya karatasi. Mpe kijana uzi wa urefu wa kiganja na nusu, wenye jiwe dogo mwishoni, aushike juu ya mstari. Mwambie aufikiri mstari ule kwa bidii, wala asiusogeze mkono. Kwa wengi, baada ya kitambo kidogo, jiwe litaanza kuyumba kufuata mstari. Mwambie aufikiri mstari mwingine unaokata ule wa kwanza, na jiwe litageuka polepole. Wote watashangaa, na yeye zaidi. Hakuna pepo hapo, wala hakuna zebaki, wala hakuna maji. Ni mkono na wazo tu.

4. Kijiti kilipopimwa

Labda mtu atasema, "Hata kama mkono ndio unaosogea, huenda mkono wenyewe wayahisi maji." Swali hili ni la haki, nalo limejibiwa kwa kupima.

Katika jimbo la New South Wales, nchi ya Australia, iliwekwa hesabu ya visima virefu vilivyochimbwa kati ya miaka ya 1918 na 1943. Zaidi ya visima 1,800 vilichimbwa mahali palipochaguliwa kwa kijiti, na zaidi ya 1,700 mahali palipochaguliwa pasipo kijiti. Katika vile vya kijiti, karibu 15 katika kila 100 havikupata maji kabisa. Katika vile visivyo vya kijiti, karibu 7 tu katika kila 100. Huenda wenye vijiti waliitwa zaidi mahali pagumu, hatuwezi kuwalaumu kwa kila kisima kikavu. Lakini faida ya kijiti haikuonekana hata kidogo. Na mwaka wa 1948 ilitolewa habari ya New Zealand, ambako watu 75 wa kazi hii walijaribiwa, asionekane hata mmoja wa kuaminika.

Ujerumani nako, katika miaka ya 1987 na 1988, wataalamu walifanya jaribio kubwa karibu na mji wa München. Walianza na watu wapatao 500, wakachagua 43 walioonekana kuwa hodari kuliko wote. Katika ghala kubwa waliweka bomba la maji juu ya gari dogo chini, na watafuta maji wakatembea orofani juu yake, katika mstari wa meta 10, wakisema bomba lipo wapi. Majaribio yalikuwa 843. Wenye kulifanya jaribio walidai kwamba wachache miongoni mwao walikuwa na uwezo wa kweli. Lakini mtaalamu wa Kimarekani, Jim Enright, alizihesabu upya namba zile zile, akaona kwamba ni kama za mtu abahatishaye. Hata yule aliyesifiwa kuwa bora, kwa wastani alikaribia bomba kwa milimeta 4 tu zaidi ya mtu ambaye angesonta katikati ya mstari kila mara na kwenda zake. Ndugu, milimeta 4 ni unene wa vidole? Hata wa kidole kimoja haifiki.

Nanyi mwaweza kupima. Chukueni vyungu kumi vyenye vifuniko. Mtu mmoja atie maji katika kimoja, avifunike vyote, kisha aondoke kabla mwenye kijiti hajaingia, maana uso wa ajuaye huweza kumfunulia asiyejua. Mwenye kijiti achague. Fanyeni hivyo mara kumi, mkibadili chungu kila mara, na mwandike. Mtu abahatishaye tu atapata karibu mara moja katika kumi. Akipata mara mbili msistaajabu. Lakini kabla ya kuanza, mwulizeni yeye mwenyewe: "Je, waona jaribio hili ni la haki?" Akikubali, na apimwe kwa heshima, pasipo kicheko.

5. Mbona basi maji hupatikana?

Hili ndilo swali gumu, maana katika vijiji vingi yupo mtu awezaye kuonyesha kisima na kusema, "Hiki kilionyeshwa kwa kijiti, na mpaka leo twanywa." Asema kweli. Tusimpinge, bali tumweleze.

Wengi hudhani kwamba chini ya nchi kuna mito myembamba ipitayo kama mishipa ya damu mwilini, na ukiukosa mto kwa hatua mbili umekosa yote. Mahali pachache, kama penye mawe ya chokaa, maji hupita katika mapango. Lakini mahali pengi sivyo. Mvua inyeshapo, sehemu ya maji huzama katika udongo, hushuka kati ya chembe za mchanga na changarawe na katika nyufa za mwamba, mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha maji. Juu ya tabaka hilo hukusanyika na kujaza nafasi zote, kama maji katika ndoo iliyojaa mchanga. Penye mchanga na changarawe nyingi, ukichimba hapa utapata, na ukichimba hatua ishirini kutoka hapa utapata pia. Mahali kama hapo hata mtu atupaye kofia yake na kuchimba ilipoanguka atasifiwa kuwa fundi.

Tena mzee mwenye kijiti mara nyingi ni mtu aliyekaa na nchi siku nyingi. Macho yake yamekwisha kuuona mkuyu uliostawi wakati wa kiangazi, na mikindu bondeni, na mahali nyasi zibakipo mbichi. Ajua kisima cha jirani kina kina gani. Mkono wake husema kile macho yake yaliyokwisha kuona. Basi sifa si ya kijiti, ni ya macho, na macho hayo ni kipaji cha Mungu. Afadhali mzee huyo akiache kijiti, atuambie wazi alichokiona.

Lakini katika nchi ya mwamba mgumu, kama sehemu nyingi za Dodoma na Singida, mambo ni mengine. Huko maji hukaa katika mwamba uliooza na katika nyufa zake, na kisima kimoja chaweza kujaa na cha karibu yake kikawa kikavu. Huko ndiko kubahatisha kunakokula fedha za maskini. Tena maji ya chini ni akiba, nayo hujazwa kutoka juu. Karibu na Dodoma, huko Makutupora, kina cha maji ya chini kimeandikwa kwa zaidi ya miaka 50, na wataalamu walioichunguza hesabu hiyo walionyesha mwaka wa 2013 kwamba akiba ile hujazwa hasa katika miaka michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya 1997 na 1998. Je, kijiti chaweza kumwambia mtu akiba itadumu miaka mingapi?

Wala kijiti hakijui maji mema na mabaya. Katika nchi za kuuzunguka mlima Meru maji mengi yana madini ya floridi kupita kiasi. Maji hayo ni meupe machoni na matamu kinywani, lakini meno ya watoto huwa ya rangi ya kahawia, na yakizidi sana mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja. Mpaka huo hauonekani kwa jicho wala hauhisiwi kwa mkono. Hupimwa katika maabara tu.

6. Neno la Mungu

Mtu atauliza, "Je, Mose hakutoa maji kwa fimbo?" Tusome vema. Katika 2 Mose 17 fimbo haikutafuta kitu. Mungu mwenyewe alimwambia Mose mahali, akamwahidi kusimama mbele yake juu ya mwamba wa Horebu. Mose alipata neno kwanza, ndipo akapiga. Na katika 4 Mose 20, alipoambiwa auambie mwamba, naye akaupiga mara mbili kwa fimbo, maji yalitoka kweli, lakini Mungu alimkemea kwa kutomwamini, naye hakuingia katika nchi ya ahadi. Hapo twajifunza neno zito: kutoka kwa maji si ushuhuda kwamba Mungu ameipenda njia yetu.

Katika 4 Mose 21 kuna fimbo nyingine. Mungu aliahidi kuwapa watu maji huko Beeri, na wakuu wa watu wakachimba kwa fimbo zao. Fimbo hizo hazikuulizwa shauri. Zilikuwa vyombo vya kazi, kama majembe yetu. Naye Isaka, katika 1 Mose 26, alifukua visima vya baba yake Abrahamu vilivyozibwa na Wafilisti, na watumishi wake wakachimba bondeni. Walipogombezwa kwa kisima cha kwanza na cha pili walihama, wakachimba tena, hata walipofika Rehobothi wakapata nafasi. Hakuna ramli katika habari hii yote. Kuna kumbukumbu ya wazee, kuna bonde, kuna jasho, kuna uvumilivu, na kuna Mungu abarikiye.

Lakini nabii Hosea awaomboleza watu wa Mungu kwa kuwa huuliza shauri kwa mti, na fimbo yao ndiyo iwapayo habari. Kosa lao si kushika fimbo, ni kuifanya fimbo iwe mwenye kujua. Na Paulo awaagiza Watesalonike kuyajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Basi kupima si ukosefu wa imani. Kupima ni agizo.

Je, atumiaye kijiti amefanya dhambi? Tutofautishe. Yuko atumiaye pamoja na maneno ya siri, na kuku, na majina ya mizimu. Huyo arejee amri ya kwanza na ya pili katika Katekisimo yetu, hakuna haja ya maneno mengi. Yuko ajuaye kwamba anadanganya, naye hutwaa fedha; huyo ameivunja amri ya saba. Na yuko mtu mnyofu ambaye mkono wake umemdanganya. Huyo asifukuzwe wala asiaibishwe mbele ya watu. Afundishwe kwa upole, kama ndugu. Maana neno hili latuhusu sisi sote: mtu mwaminifu aweza kudanganywa na mkono wake, kama vile aombaye aweza kudanganywa na moyo wake, akayaita mapenzi yake kuwa mapenzi ya Mungu. Kwa ajili hiyo Mungu ametupa Neno lililo nje yetu, na ndugu wa kutushuhudia, na akili ya kupima.

Tena kuna hatari moja isiyosemwa. Kisima kilichoonyeshwa kwa kijiti kikiwa kikavu, watu huanza kuulizana, "Ni nani aliyeyafunga maji?" Kijiti kikiaminiwa kwamba hakikosei, lazima atafutwe mkosaji mwingine. Mara nyingi huyo huwa mama mzee, mjane asiye na mtetezi. Ndugu, hapo desturi iliyoonekana kuwa mchezo huweza kumwaga damu. Mwinjilisti asimame hapo bila woga.

7. Tufanye nini basi?

Usharika unaotaka kisima na ufanye hivi. Kwanza, wazee na akina mama waulizwe: visima vya jirani vina kina gani, vipi hukauka na vipi havikauki, miti gani hustawi kiangazi. Mambo hayo yaandikwe. Pili, waende kwa RUWASA, ndio Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini wa serikali, na kwa Bodi ya Maji ya bonde lao, maana kisima kirefu chahitaji kibali, na humo ofisini huwamo habari za visima vilivyochimbwa kwanza. Tatu, mahali papimwe na mtaalamu wa maji ya chini. Huyu hupitisha umeme kidogo katika udongo na kuona jinsi upitavyo, kwa kuwa mwamba mkavu na mchanga wenye maji havipitishi umeme sawasawa. Naye pia hukosea mara nyingine, si nabii. Lakini huonyesha namba zake, na mwingine aweza kuzikagua. Nne, maji yapelekwe maabara kabla watoto hawajaanza kuyanywa. Na tano, hesabu ya fedha isomwe mbele ya usharika wote, hata kama kisima kimekosa maji.

Gharama ya kupima yaonekana kubwa kuliko soda na nauli ya mzee mwenye kijiti. Lakini gharama ya shimo kavu ni kubwa zaidi, nayo hulipwa na yule mama wa alfajiri, kwa miguu yake.

Mungu aliyemwonyesha Hagari kisima alipokuwa akilia jangwani ayafumbue macho yetu pia. Amina.

Maswali ya kuzungumza katika darasa

1. Luther na Agricola walikikataa kijiti kwa sababu zipi? Sababu zao zafanana wapi, na zatofautiana wapi?
2. Chevreul alijifunga macho ili ajue kweli. Katika mambo ya usharika wetu, ni wapi tuhitajipo kupimwa na wengine?
3. Fimbo ya Mose, fimbo za wakuu huko Beeri, na fimbo aisemayo Hosea: elezeni tofauti zake.
4. Kisima cha usharika kikikosa maji, na watu wakaanza kumtaja jirani kuwa ndiye aliyekifunga, mwinjilisti aseme nini siku ile ile?